Msilaumu wino kabla ya kutazama profaili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa studio, wa steshenari na wa mabango hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, pamoja na walioko ng'ambo ya maji, Sengerema na Ukerewe. Msimu wa harusi na mahafali ukifika, lawama ni zilezile. Kwenye kompyuta bibi harusi alikuwa anang'aa, kwenye karatasi amekuwa wa kijivu. Bluu ya ziwa imetoka zambarau. Picha nzima imetoka giza kama imepigwa magharibi. Fundi anasema wino feki, mwenye duka anasema karatasi mbovu, mteja anaondoka akiamini wote wawili ni matapeli. Wino feki upo, sikatai. Lakini mara nyingi kosa limeanzia kwenye dirisha dogo la mipangilio ya rangi, ambalo fundi hajalifungua tangu programu iwekwe kwenye mashine.

Faili la picha halina rangi ndani yake, lina namba tu. Kila pikseli hubeba namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Namba hizo peke yake ni kama bei isiyotajwa sarafu: ukiambiwa kitu ni mia tano bila kuambiwa ni shilingi ya Tanzania, ya Kenya au ya Uganda, bado hujajua bei. Profaili, yaani maelezo yanayofungwa ndani ya faili kusema namba hizo zisomwe kwa kipimo gani cha rangi, ndiyo sarafu. sRGB na Adobe RGB ni vipimo viwili vya namna hiyo, au nyanja za rangi. Nyekundu kali kuliko zote katika sRGB huandikwa 255, 0, 0. Rangi hiyohiyo, bila kubadilika hata kidogo machoni, ikiandikwa kwa Adobe RGB inakuwa 219, 0, 0. Sasa faili la Adobe RGB likipotezewa profaili, duka linaisoma ile 219 kana kwamba ni ya sRGB, na nyekundu imeshafifia kabla printa haijawashwa. Ngozi inapauka, kitenge kinaonekana kimefuliwa mara hamsini. Ikitokea kinyume, faili la sRGB likasomwa kama Adobe RGB, uso unaiva kama wa mtu aliyeshinda juani Mwaloni.

Kwa kazi nyingi za hapa kwetu, ushauri wangu ni sRGB toka mwanzo hadi mwisho. Ilitengenezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, na ndiyo inayotarajiwa na kurasa za intaneti, simu nyingi na mashine nyingi za kusafishia picha. Adobe RGB, ya mwaka 1998, ni pana zaidi hasa upande wa kijani na siani, ile bluu yenye ukijani. Upana huo una faida kwa anayechapa mwenyewe kwa printa ya wino sita na kujua anachokifanya. Kwa anayepeleka picha kwenye flashi dukani, ni mtego. ProPhoto ndiyo pana kuliko zote hizo, na wapo wanaoiweka kwa sababu jina lake lina neno la kitaalamu. Ukiitumia kwenye faili la biti 8, yaani lenye ngazi zile 0 hadi 255 tu kwa kila rangi, anga la jua linapozama nyuma ya Jiwe la Bismarck linatoka mistari mistari badala ya kuyeyuka taratibu kutoka njano kwenda nyekundu. ProPhoto inataka biti 16, na JPEG haina biti 16.

Anza kwenye kamera. Canon iliyowekwa sRGB huandika majina ya mafaili kwa IMG_ mbele. Iliyowekwa Adobe RGB huanza na mstari wa chini, yaani _MG_. Nikon nayo huandika DSC_ kwa sRGB na _DSC kwa Adobe RGB. Kwa hiyo mteja akikuletea kadi, unaweza kujua sarafu yake kwa kusoma majina tu, kabla hujafungua picha hata moja. Anayepiga faili ghafi (RAW) asihangaike na mpangilio huo, kwa sababu yeye huchagua uwanja wa rangi baadaye, anapotoa picha kwenye programu.

Kwenye Photoshop, bonyeza Ctrl, Shift na K kwa pamoja, au fungua menyu ya Edit ushuke hadi Color Settings. Penye Working Spaces, mstari wa RGB, weka sRGB IEC61966-2.1. Usiweke Monitor RGB. Jina la skrini yako litakuvutia, lakini kila faili jipya litakuwa limefungwa kwenye tabia za skrini hiyo moja, na skrini ya duka la pili haina tabia hizo. Profaili ya printa nayo usiiweke hapo, ina mahali pake nitakapopataja. Shuka hadi Color Management Policies, mstari wa RGB uweke Preserve Embedded Profiles. Neno Off mahali hapo ndilo linaloharibu picha za watu kimyakimya: mafaili mapya yanazaliwa bila profaili, na yanayokuja na profaili tofauti na yako yanavuliwa. Kisha weka tiki kwenye visanduku vya Ask When Opening, cha Profile Mismatches na cha Missing Profiles. Wiki ya kwanza vitakuchosha kwa maswali. Usivizime, maana maswali hayo ndiyo yanayokuonyesha nani anakuletea faili la namna gani.

Ukiulizwa kuhusu profaili isiyolingana, jibu ni kutumia ile iliyokuja na faili. Ukiulizwa kuhusu faili lisilo na profaili, lipe sRGB kwanza, kisha tazama ngozi na vitu vyeupe. Kama kila kitu kimepauka kwa usawa, ipe Adobe RGB uone kama uhai umerudi. Penye Conversion Options weka Relative Colorimetric, njia ya kubadili rangi nitakayoieleza kwenye vitenge, pamoja na tiki ya Black Point Compensation. Bila tiki hiyo, weusi wa suti na wa nywele huweza kuzama wote pamoja, ukaona doa moja jeusi badala ya nywele zilizosukwa.

Kuna amri mbili ambazo watu huzichanganya kila siku, zote ziko chini ya Edit. Convert to Profile hubadilisha namba ili rangi ibaki ileile, kama unavyobadili fedha pale mpakani Sirari: noti zinabadilika, thamani inabaki. Assign Profile haigusi namba, inabadilisha jina la sarafu tu, kama mtu aliyechukua noti ya elfu kumi ya Tanzania akaandika juu yake kwa kalamu kwamba ni ya Kenya. Assign ni ya kumpa jina faili lililopotea. Kwa kupeleka picha kutoka Adobe RGB kwenda sRGB ni Convert peke yake. Ukihifadhi JPEG, angalia chini ya dirisha kisanduku cha ICC Profile kiwe na tiki. Kwenye Save for Web weka tiki mbili, ya Convert to sRGB na ya Embed Color Profile. Profaili ya sRGB huongeza kilobaiti chache tu, kwa hiyo anayeitoa ili kupunguza uzito wa faili anaokoa senti na kupoteza shilingi.

Wanaotumia GIMP, ambayo ni ya bure, wana mambo hayohayo. Fungua Edit, Preferences, Color Management, uiambie ihifadhi profaili iliyokuja na faili au iulize. Convert na Assign ziko kwenye menyu ya Image, chini ya Color Management. Upungufu wake kwa watu wa matbaa ni kwamba haihariri picha moja kwa moja ndani ya CMYK, yaani mfumo wa wino nne za matbaa: siani, majenta, njano na nyeusi.

Sasa skrini, maana hapa ndipo "picha imetoka giza" inapozaliwa. Laptopu iliyopandishwa mwanga hadi mwisho inang'aa kuliko karatasi yoyote ile. Fundi anaona uso unang'aa kupita kiasi, anaushusha, karatasi inatoka nyeusi. Kiwango kinachofaa kwa kazi ya kuchapa ni kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba, weupe wa kelvini 6500 (kipimo cha unjano au ubluu wa weupe) na gama ya 2.2 (kipimo cha jinsi mwanga unavyopanda kutoka giza hadi weupe). Mwenye kipima rangi aiache skrini iwake nusu saa kabla ya kupima, na umeme ukikatika katikati ya kazi aisubiri tena ipate moto. Asiye nacho afanye hivi: afungue ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini, ashike karatasi nyeupe ya picha pembeni yake chini ya taa ya dukani, ashushe mwanga wa skrini mpaka vyeupe viwili vikaribiane. Si kipimo cha maabara, ila kinamtoa mtu kwenye kosa kubwa na kumwacha na kosa dogo.

Zima Night light ya Windows na programu zozote za kulinda macho usiku, kwa sababu zinatia unjano, nawe bila kujua unaongeza bluu kuufidia. Zima pia mtindo wa Vivid kwenye skrini. Skrini za laptopu za bei ndogo hubadilisha mwanga ukiinamisha kioo, kwa hiyo chagua pembe moja uiwekee alama. Na kuta! Studio iliyopakwa kijani cha mnazi au waridi hudanganya jicho, kwani jicho hulinganisha kila rangi na kilicho jirani. Ukuta nyuma ya skrini uwe wa kijivu, na picha yenyewe uizungushie kijivu kwenye programu. Kompyuta isikae ikitazama mlango uliofunguliwa barabarani.

Ipo hitilafu moja inayotisha watu bure: weupe unaonekana wa njano ndani ya Photoshop tu, programu nyingine ziko sawa. Hapo profaili ya skrini iliyowekwa kwenye Windows ndiyo mbovu, skrini yenyewe haina tatizo. Andika Color Management kwenye sehemu ya kutafutia, ingia Devices, chagua skrini yako, weka tiki ya Use my settings for this device, ongeza sRGB IEC61966-2.1, uifanye kuwa ya kawaida kwa Set as Default Profile. Funga Photoshop, fungua upya.

Jambo jingine ambalo halihitaji kifaa ni kusoma namba zenyewe. Fungua dirisha la Info, weka kishale kwenye shela mahali pasipo na kivuli: namba tatu zikaribiane, tuseme 240, 239, 241. Zikiwa 240, 232, 215, shela ina unjano, jicho liseme litakalosema. Kwenye ngozi, ya maji ya kunde au nyeusi tii, nyekundu huwa juu, kijani katikati, bluu chini. Bluu ikiipita kijani, mtu amekuwa maiti. Ngozi nyeusi hudhulumiwa zaidi na makosa ya profaili kwa sababu uhai wake uko kwenye wekundu mdogo ndani ya giza, na wekundu huo ukipungua kidogo tu kinachobaki ni majivu. Wengi hukimbilia kumng'arisha mtu. Tatizo halikuwa mwanga, na kumng'arisha kunamfanya awe majivu meupe.

Kwenye printa sheria ni moja: mwenye kusimamia rangi awe mmoja. Ukichagua Photoshop Manages Colors, hapo ndipo mahali pa profaili ya karatasi na wino, halafu lazima uingie kwenye mipangilio ya printa uzime usimamizi wake. Kwenye printa za Epson zinazotumika sana madukani, utafute Color Correction, Custom, kisha Advanced, uchague No Color Adjustment. Ukisahau, rangi inasahihishwa mara mbili, na dalili yake ya kawaida ni ngozi kuegemea majenta, yaani waridi iliyokolea, na kuwa nzito. Ukichagua Printer Manages Colors, faili liwe sRGB, aina ya karatasi itajwe sawasawa, usiguse kingine. Karatasi ya glosi ikitajwa kama karatasi ya kawaida, printa inamwaga wino kwa kipimo kisicho chake, na zile zenye wino mweusi wa pigimenti huuacha juu ya glosi bila kushika.

Hapa niseme jambo lisilopendwa. Profaili ya karatasi inayotolewa na mtengenezaji imepimwa kwa wino wake na karatasi yake. Umejaza wino wa chupa nyingine, profaili hiyo haikuhusu tena. Anayetumia wino wa kujaza ana njia mbili: amlipe mwenye kifaa amtengenezee profaili kwa kupima viraka vya rangi vilivyochapwa kwa wino na karatasi yake, au aiachie printa isimamie rangi, afanye jaribio, asihame kwenye chupa ya aina hiyo kila bei ya nyingine inaposhuka. Kabla ya yote, chapa ukurasa wa kuangalia matundu ya wino. Tundu la siani likiziba, nyuso zote zinakuwa nyekundu, na hakuna profaili itakayokuponya.

Vitenge vinahitaji uangalifu wa peke yake. Machungwa makali na kijani cha kitenge kipya mara nyingi viko nje ya uwezo wa printa. Relative Colorimetric huziacha rangi zinazowezekana kama zilivyo na kuzikata zilizozidi, kwa hiyo maua mawili ya machungwa yaliyotofautiana kidogo yanageuka doa moja. Perceptual huzibana zote pamoja: ukali unapungua, ila michoro inabaki. Jaribu zote mbili kabla ya kuchapa kwa kufungua View, Proof Setup, Custom, uchague profaili ya karatasi na kuweka tiki ya Simulate Paper Color. Picha itafifia ghafla, fundi mgeni atashtuka. Geuza uso kando unapobonyeza, kisha rudi kutazama baada ya sekunde chache, jicho litakuwa limezoea. Absolute Colorimetric iache, si ya kusafishia picha, maana hupaka weupe rangi ya karatasi ya watu wengine.

Kwa wa kadi, vipeperushi na mabango: Photoshop inayokuja na mipangilio ya Marekani hubadilisha kwenda CMYK kwa profaili iitwayo U.S. Web Coated SWOP v2. Bluu kamili, 0, 0, 255, inakuwa siani 88 na majenta 77. Majenta ikiikaribia siani kiasi hicho, karatasi inaonyesha zambarau, na ndiyo maana sare za shule na maji ya ziwa hubadilika. Kwenye michoro na maandishi yako mwenyewe, iache majenta chini ya siani kwa pointi 30 au zaidi, mfano siani 100 na majenta 60. Nyeusi nayo, 0, 0, 0, hutoka siani 75, majenta 68, njano 67, nyeusi 90. Jumlisha: asilimia 300 ya wino mahali pamoja. Jina la bwana harusi likichapwa hivyo kwa herufi nyembamba, bamba moja la kuchapia likisogea nusu milimita herufi zinaota ukungu wa rangi pembeni. Maandishi yawe nyeusi 100 peke yake, nyingine sifuri.

Karatasi ya gazeti haivumilii 300 hata kidogo. Profaili ya magazeti ya ISOnewspaper26v4 ina ukomo wa asilimia 240, na tone la wino hutanuka sana kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo picha iliyoandaliwa kwa karatasi ya glosi hutoka gazetini kama moshi wa dagaa. Kwa sababu hiyo naomba, Mhariri, gazeti lako lichapishe kiboksi kidogo chenye aina ya faili mnayotaka kwa wanaowaletea picha kutoka mikoani. Wachangiaji wasijibadilishie CMYK wenyewe kwa kubahatisha. Walete sRGB yenye profaili ndani, matbaa ndiyo ibadilishe kwa profaili yake. Mashine za mabango vilevile zina programu yake, wenyewe huiita ripu, yenye profaili za turubai na stika. Muulize fundi wa mashine anataka nini kabla hujamtumia.

Picha zinazopita WhatsApp hubanwa na kupunguzwa pikseli, basi zitumwe kama hati. Simu za iPhone kuanzia toleo la 7 hupiga kwa Display P3, iliyo pana kuliko sRGB. Faili hilo likifunguliwa kwenye programu isiyojali profaili, rangi zinapoa kidogo. Dawa ni Convert to Profile kwenda sRGB, kazi ya sekunde tatu.

Kwa wenye maduka ya kusafishia picha, ombi ni bango dogo juu ya kaunta: tunapokea JPEG, sRGB, profaili ndani, pikseli 1200 kwa 1800 kwa picha ya inchi 4 kwa 6. Na karibu na printa pawe na picha moja ya majaribio, yenye uso mweusi, uso wa maji ya kunde, shela, kitenge, kiraka cha kijivu na bluu ya ziwa. Ichapwe kila chupa ya wino au pakiti ya karatasi inapobadilishwa, iachwe ikauke nusu saa kabla ya kuhukumiwa, nyuma yake iandikwe kwa kalamu tarehe, aina ya karatasi, na nani aliyesimamia rangi, printa au programu. Mteja akilalamika, itolewe ukutani iwekwe kando ya picha yake palepale kaunta.

Fundi wa picha,
Kirumba, Mwanza.